Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wanazuoni Wageni na Mazungumzo ya Hadhara katika Pwani ya Kilifi na Malindi

UTANGULIZI

Bofa ni ukanda wa pwani ulio kaskazini ya mlango wa hori ya Kilifi. Mtu akiuacha ufuko wa Bofa na kuelekea kusini, ng'ambo ya hori atayakuta magofu ya Mnarani. Akishika njia ya kaskazini, atapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Gedi, kisha Malindi na Mambrui, na mwisho atafika Ngomeni, ambako roketi za Waitalia zilirushwa kutoka baharini. Mjini Kilifi penyewe mna kituo cha utafiti wa tiba kilichoanzishwa 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kabla ya kufanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007 na kupewa hati yake mwaka 2013 kilikuwa chuo cha kilimo. Hivyo basi, katika mwendo usiozidi siku moja, msafiri hupita mahali ambapo wanazuoni wa fani nyingi, wa mawe na wa nyota, wa lugha na wa maradhi, wamefika kwa nyakati mbalimbali kutafuta elimu au kuitoa.

Historia ya wageni hao imekwisha kuandikwa mara nyingi, na aghalabu wameiandika wao wenyewe. Jambo ambalo halijaangaliwa sana ni lile lililotokea pale mgeni aliposimama au kuketi mbele ya wenyeji na kusema nao. Alisema kwa lugha gani? Waliomsikiliza ni akina nani? Na je, walikuwa na nafasi ya kumwuliza, kumkosoa, na ikibidi kumkataa?

Makala haya yanakusudia kuyatazama maswali hayo kwa kufuata mifano michache, tangu karne ya 14 hadi siku hizi. Hoja yetu ni kwamba mazungumzo ya mgeni yalileta faida, kwake na kwa wenyeji, pale tu ambapo msikilizaji alikuwa na uwezo wa kujibu. Na kwamba kitu kilichompa au kumnyima uwezo huo, mara nyingi zaidi ya kingine chochote, kilikuwa ni lugha.

NENO MHADHARA NA JAMAA ZAKE

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno mhadhara limetokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya kuwapo. Kutokana na shina hilo tumepata pia hadhara, yaani mkusanyiko wa watu waliopo. Kuhudhuria, yaani kuwapo mahali. Na mhadhiri, ambaye leo ni cheo cha mwalimu wa chuo kikuu. Kwa hiyo, tukilifuata neno kwa asili yake, mhadhara si maneno yanayotoka kinywani mwa mtu mmoja. Ni hali ya watu kuwapo pamoja kwa ajili ya maneno. Mhadhiri asiye na hadhara hana mhadhara, hata akisema kutwa nzima.

Jamaa wa neno hili kwa matumizi ni darsa na baraza. Darsa ni somo litolewalo msikitini au nyumbani kwa mwanachuoni, ambapo kitabu husomwa na kufafanuliwa kipengee kwa kipengee. Ni desturi ya darsa kwamba mwanafunzi husoma na mwalimu husahihisha, na masuala huulizwa papo hapo. Baraza, kwa upande wake, ni kwanza ile sakafu ya mawe iliyo mbele ya nyumba, wanapoketi watu kuzungumza jioni. Na pili ni mkutano wenyewe wa watu walioketi. Lililo muhimu katika baraza la namna hii ni kwamba wote huketi kwa kimo kimoja. Mgeni akialikwa barazani haletewi jukwaa. Huonyeshwa pa kukaa, hupewa kahawa, kisha huulizwa habari. Maneno haya mawili yatatufaa kuwa kipimo katika kurasa zinazofuata.

WAGENI WA ELIMU KABLA YA WAZUNGU

Mwanachuoni mgeni wa kwanza ambaye maelezo yake marefu juu ya mapokezi ya pwani yetu yametufikia ni Ibn Battuta wa Tanja, aliyepita mwaka 1331 akitokea Aden na Zeila. Alifika Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akaenda Kilwa. Malindi na Kilifi hakuzitaja, lakini alichokiona Mogadishu kinaeleza desturi iliyokuwa ya pwani yote. Meli ilipofika, vijana wa mji waliziendea bidhaa na wenye bidhaa, kila mmoja akijichukulia mgeni wake. Walipoambiwa kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni mtu wa elimu, mambo yalibadilika: kadhi mwenyewe alikuja kumpokea na kumpeleka kwa sultani, kwa kuwa mji ulikuwa na kanuni kwamba mwanachuoni hupokewa na mji na si na mtu binafsi. Kadhi huyo asili yake ilikuwa Misri, yaani naye alikuwa mgeni aliyegeuka mwenyeji.

Ibn Battuta anaongeza jambo ambalo kwa wanafunzi wa lugha ni la thamani. Anasema kwamba sultani wa Mogadishu alisema kwa lugha ya mji wake, ingawa alikijua Kiarabu. Hapa tunaona mpangilio uliodumu kwa karne nyingi: elimu ilikuwa na lugha yake ya kimataifa, na mji ulikuwa na lugha yake ya nyumbani, na mtu mwenye mamlaka alitakiwa kuzimudu zote mbili. Mgeni hakuwaona wenyeji kuwa mabubu, kwa maana walimjibu kwa lugha aliyoijua. Na wenyeji nao hawakuiacha lugha yao kwa ajili yake.

Mpangilio huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Lugha ya elimu ilikuwa mali ya wachache. Mwanamke, mtumwa, mvuvi na mkulima wa bara waliisikia elimu kwa mbali. Mabadiliko makubwa katika jambo hili yalianza mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea katika karne ya 20, na yafaa kukumbuka kwamba waliohusika nayo walikuwa mara nyingi wageni au wana wa wageni. Huko Lamu, Habib Saleh, aliyetoka Ngazija, alifungua mlango wa darsa kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wanastahili kufundishwa, wakiwamo waliokuwa watumwa, na kazi yake ikakua kuwa msikiti na chuo cha Riyadha. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufa 1947, alishika njia ya kuandika na kufundisha kwa Kiswahili mambo ambayo hapo kabla yalifungiwa katika Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, alihamia Kenya mwaka 1967, akawa Kadhi Mkuu mwaka uliofuata, na tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka 1969.

Watu hawa walipata wapinzani. Wako waliosema kwamba kuifasiri elimu ni kuishusha hadhi, na kwamba mtu wa kawaida akipewa kitabu kwa lugha yake ataanza kuuliza asiyopaswa kuuliza. Waliosema hivyo walikisia sawa kuhusu matokeo. Watu walianza kuuliza. Tofauti ilikuwa juu ya kama jambo hilo ni hasara au ni faida.

MGENI MWENYE KALAMU

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alikuja kuhubiri, na kwa mahubiri alihitaji lugha. Kabla ya kuwa mhubiri ikambidi awe mwanafunzi. Katika mwaka huohuo wa kwanza, ambao pia ndio aliompoteza mkewe na mtoto wake mchanga, alianza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, na msaidizi wake katika kazi hiyo hakuwa mtu mdogo: alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann walihamia Rabai, wakapokewa na wazee wa Kimijikenda. Kamusi kubwa ya Krapf ilitoka 1882, baada ya kufa kwake.

Tukitazama kwa makini tutaona kwamba katika mkutano wa Krapf na kadhi, mhadhiri na mwanafunzi walibadilishana nafasi. Krapf aliamini kwamba yeye ndiye aliyeleta neno. Kadhi ndiye aliyekuwa na maneno. Kila sentensi ya tafsiri ile ilikuwa jibu la swali ambalo mgeni alimwuliza mwenyeji.

Hali kadhalika William Taylor, aliyefanya kazi Mombasa na katika nchi ya Wagiriama miaka ya 1880 na baadaye, asingeweza kuzikusanya tungo za Muyaka bila msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyekufa 1890. Taylor pia alichapisha mwaka 1891 msamiati wa Kigiriama pamoja na makusanyo ya semi, kitabu ambacho mtafiti wa lugha za Mijikenda hawezi kukipita hata leo. Hata hivyo, jalada la kitabu huwa na nafasi ya jina moja. Mgeni aliyekuja kusikiliza aliondoka akiwa mwandishi, na mwenyeji aliyesema akabaki kuwa "msaidizi". Hatusemi haya ili kumvunjia Taylor heshima, kwani yeye mwenyewe alimtaja mwalimu wake na kumsifu. Twasema ili ionekane kwamba kalamu ilileta katika mazungumzo jambo jipya: maneno yaliyosemwa barazani Mombasa yangeweza sasa kusomwa London, mahali ambapo msemaji wa kwanza hakuwapo kuyasahihisha.

Rebmann alipoandika kwamba aliiona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, msomi mmoja wa London, Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika Mashariki, alimkatalia kwa miaka mingi. Wenyeji waliomsindikiza Rebmann walijua habari za mlima huo kabla yake. Katika ubishi ule wa wasomi, ushahidi wao haukuhesabiwa.

BARAZA LA AMRI

Mwanzoni mwa karne ya 20 neno baraza lilipata maana ya tatu. Serikali ya kikoloni ililichukua na kulifanya jina la mkutano unaoitishwa na afisa, ambapo afisa husema na watu husikia. Kodi, kazi, uhamisho wa makazi, vyote vilitangazwa barazani. Umbo la baraza lilibaki, watu wakiketi chini ya mti, lakini roho yake iligeuzwa. Kwa kuwa sasa mmoja alikuwa na kiti na wengine walikuwa na ardhi.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni wa nchi ya Wagiriama mwaka 1913. Arthur Champion, afisa msaidizi wa wilaya, aliitisha mabaraza ili kupata kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba na kwingineko. Mekatilili wa Menza naye aliwakusanya watu. Mkusanyiko wake mkuu ulikuwa Kaya Fungo, na katika mkusanyiko huo watu walikula viapo vya kutoshirikiana na serikali. Hapo palikuwa na aina mbili za mazungumzo ya hadhara, moja ya amri na moja ya ushauri, na watu walichagua. Mnamo Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa mbali, upande wa magharibi ya nchi, ingawa Mekatilili alirudi. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Inafaa tuone maana ya tendo hilo: hapakuwa na ngome ya kubomoa wala jeshi lililojificha humo. Kilicholipuliwa kilikuwa mahali pa kukutania na kusema.

Kwa makala yetu kuna jambo la ziada. Champion alikuwa pia mchunguzi wa mila. Maandishi yake juu ya Wagiriama yalichapishwa mwaka 1967, na watafiti huyatumia. Mtu yuleyule aliyewaamuru watu barazani ndiye aliyewauliza juu ya mila zao. Ni nani basi, katika hali hiyo, angeweza kumjibu kwa uhuru? Na yule aliyejibu, alimjibu mtafiti au alimjibu afisa? Swali hili halikwisha na ukoloni, kama tutakavyoona.

MAWE YA GEDI NA MNARANI

James Kirkman alianza kazi ya kuchimbua Gedi mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 alichimbua Mnarani vilevile, ambao ulikuwa mmoja wa miji mitatu iliyofanya Kilifi ya zamani. Kazi yake ilikuwa ya bidii na ya uangalifu. Aliupima msikiti mkuu, alilifafanua kaburi la Gedi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na aliyaokoa magofu yaliyokuwa yakimezwa na msitu. Lakini kitabu chake cha 1954 kiliuita mji huo, katika jina lake lenyewe, mji wa Kiarabu. Fikra hiyo haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya zama zake. Ilidhaniwa kwamba palipo na mawe yaliyojengwa na maandishi yaliyochongwa, lazima awepo mgeni aliyeyaleta.

Wenyeji wa Gedi na Kilifi walikuwa na simulizi zao juu ya magofu hayo, juu ya waliokaa humo na sababu ya kuhama. Wengi waliobeba mchanga katika uchimbuzi walikuwa watu wa hapohapo. Lakini fundi abebaye mchanga haulizwi maana ya mji.

Mabadiliko yalikuja wakati wachimbuzi wa Kiafrika walipoingia katika fani hiyo wakiwa na shahada zao na pia na lugha za pwani. Wasomi kama George Abungu, Athman Lali Omar na Chapurukha Kusimba walionyesha jinsi miji hii ilivyokua kutokana na jamii za hapa, zenye ukulima, uvuvi, uhunzi na biashara na bara, na jinsi bahari ilivyoongeza badala ya kuanzisha. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa zamani, waliozikwa katika miji kadhaa ya pwani, ukiwamo Mtwapa ulio katika Kaunti ya Kilifi, na katika mji mmoja wa bara. Ulionyesha kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama zao, iliyochanganyika tangu karibu na mwaka 1000 na asili ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, iliyokuja zaidi kwa upande wa baba. Inashangaza, au pengine haishangazi, kwamba matokeo hayo hayako mbali na yale ambayo masimulizi ya Waswahili juu ya Washirazi yamekuwa yakisema, masimulizi ambayo wasomi wengi waliyaona kuwa ni majivuno matupu. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na jina lililotumiwa linautaja kuwa mji wa kihistoria. Neno "Kiarabu" halimo.

Miaka 70 imepita kati ya majina hayo mawili. Haiwezekani kudai kwamba Kirkman angefikia hukumu nyingine kama angelitoa mihadhara yake kwa Kiswahili chini ya mwembe wa Gedi. Lakini yawezekana kusema hivi: kosa lililo katika kitabu hudumu zaidi pale ambapo wale linaowahusu hawakualikwa kulisikia.

ANGA YA NGOMENI

Kuna aina ya mgeni ambaye hana haja ya kusema na wenyeji, kwa kuwa anachokitafuta hakimo katika nchi yao. Luigi Broglio na wenzake wa Italia waliichagua hori ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kwa sababu iko jirani na ikweta, na roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msaada mkubwa zaidi wa mzunguko wa dunia. Satelaiti ya kwanza kurushwa kutoka majukwaa hayo ya baharini ilipaa tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho mwaka 1988. Iliyo mashuhuri zaidi ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuzitafuta nyota zitoazo miale ya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Basi neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote. Lakini mwanafunzi wa shule ya Malindi akitaka kusoma kwa Kiswahili kile ambacho Uhuru ilikiona, atasoma wapi? Jina lilipanda juu na maelezo hayakuteremka. Hii ni zawadi iliyotolewa nusu, na nusu iliyobaki inaweza kutolewa hata sasa.

KILIFI NA ELIMU YA TIBA

Mfano wetu wa mwisho ndio ulio na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu uhai wa watoto ulihusika. Kituo cha utafiti cha Kilifi, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, yaani KEMRI, na shirika la Wellcome la Uingereza, kilianzishwa 1989 chini ya uongozi wa Kevin Marsh na wenzake, akiwamo Norbert Peshu. Katika miaka ya 1993 hadi 1995 palifanywa Kilifi majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja hivi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine lililoongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika walifuatiliwa, ili kujua kama inafaa kuwatilia maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vya tiba vilivyoagiza. Ilionekana kwamba waliotiliwa maji hayo walikufa zaidi: kiasi cha watoto 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, ikilinganishwa na 7 kwa wale ambao hawakutiliwa. Kwa hiyo agizo lililotoka hospitali za nchi tajiri lilikosolewa na ushahidi wa vitanda vya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, kazi hiyo yote ilipita katika mlango mwembamba wa lugha. Mzazi aliyeombwa ridhaa alipaswa kuelewa kwamba kinachofanywa si matibabu peke yake bali pia ni utafiti, na kwamba ana haki ya kukataa bila ya mtoto kunyimwa dawa. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa kituo hichohicho, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuitambua tofauti hiyo. Mtu wa lugha hatashangaa. Kitenzi chunguza hutumika kwa daktari amtazamaye mgonjwa, kwa maabara ipimayo damu, na kwa mtafiti atafutaye jambo jipya. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake atafanyiwa uchunguzi, na akakubali, amekubali lipi kati ya hayo matatu? Neno utafiti lilikuwa la watu wa vyuo, na kwa mama wa Kigiriama ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, lilikuwa mbali zaidi.

Zaidi ya hayo, habari za damu kuchukuliwa zilikuta katika pwani hofu ya zamani ya mumiani, wale wanaosemekana kuwanyonya watu damu ili iuzwe au ifanywe dawa. Ni rahisi kuiita hofu hiyo ujinga. Lakini ilitokana na maarifa ya kihistoria: mgeni mwenye mamlaka aliwahi kuja, akaitisha baraza, akachukua alichokitaka, akaondoka bila kujibu. Mikutano ya chifu ilipotumiwa kuutangaza utafiti, umbo lake lilikuwa lilelile la baraza la amri.

Lililofuata linastahili kusifiwa. Tangu mwaka 2005 hivi kituo kilianza kwa mpango maalumu kuzungumza na jamii: mikutano ya vijijini yenye muda wa maswali, ziara za wanakijiji katika maabara ili waone damu inakwenda wapi, safari za wanasayansi katika shule za sekondari, na mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, ambao waliyapeleka maoni ya watu kwa watafiti na ya watafiti kwa watu. Watafiti waliandika waziwazi matatizo ya mpango huo, kwa mfano hatari ya mwakilishi kuonekana kuwa mtumishi wa kituo badala ya sauti ya kijiji. Mumiani hakutoweka. Lakini ile hofu ilipata mahali pa kusemwa mbele ya mtu anayehusika, na hofu iliyosemwa mbele ya mhusika hugeuka kuwa swali. Hapo, kwa maoni yetu, baraza lilianza kurudia maana yake ya kwanza.

HITIMISHO

Tumepita mifano mingi kwa haraka. Yafaa tukusanye yaliyomo.

Kwanza, pwani ya Kilifi na Malindi haikuwa na upungufu wa wanazuoni wageni, na si kweli kwamba kila mgeni alikuja kupora. Wako waliofundisha na wako waliofundishwa, na walio bora waliyafanya yote mawili. Pili, ubora wa elimu waliyoitoa ulitegemea kwa kiasi kikubwa kama wenyeji waliweza kuwajibu. Pale Krapf alipoketi na kadhi, tulipata msingi wa kamusi. Pale Champion aliposimama mbele ya Wagiriama, tulipata vita. Tatu, mwenyeji hakusahihishiwa historia yake na mgeni hadi alipoingia mwenyewe katika fani, akiwa na lugha zote mbili, ile ya nyumbani na ile ya chuo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mihadhara mingi ya wageni katika vyuo vyetu ingali ikitolewa kwa Kiingereza tu, na tangazo lake hubandikwa ndani ya lango. Hatutaki mgeni akatazwe kusema kwa lugha anayoimudu; Ibn Battuta hakutakiwa kuongea Kimogadishu. Tunachotaka ni kwamba chuo kimfanyie kile ambacho kadhi wa Mogadishu alimfanyia: kimpokee kwa niaba ya mji mzima. Maana yake kivitendo si kubwa. Muhtasari wa mhadhara utolewe kwa Kiswahili kabla ya siku yake. Mkalimani awepo, naye awe amefunzwa kazi hiyo, wala asiwe mwanafunzi aliyeshikwa mkono dakika ya mwisho. Nusu ya muda iachwe kwa maswali, na swali la Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili. Istilahi zilizotumika ziandikwe na kuhifadhiwa na idara ya lugha, ili mgeni wa pili asianze upya. Na mara moja kwa muhula mhadhara utoke nje ya lango, ufanywe Bofa, au Takaungu, au Mnarani, mahali ambapo mvuvi na mama wa sokoni hawahitaji ruhusa ya kuketi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni ni wa siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili husomwa kana kwamba ya kwanza ni ya ukarimu na ya pili ni ya uchoyo. Sisi twaziona kuwa ni moja. Mwenyeji haponi kwa kumtazama mgeni. Hupona kwa kulima pamoja naye. Katika shamba la elimu jembe hilo ni swali, na mpini wake ni lugha ambayo pande zote mbili zaweza kuushika.

Haya ni maoni yetu, na mifano tuliyoitoa ni michache. Wasomaji waliosikia mihadhara ya wageni katika pwani hii, hasa wazee wa Kilifi, Takaungu na Mambrui, watakuwa na mingine ya kuongeza, na pengine ya kutukosoa. Tutafurahi wakifanya hivyo.